Dau la Siri na Hasara ya Mkono wa 30

Miongoni mwa kanuni zilizobuniwa ili mashindano ya blekijeki yapendeze kwenye televisheni, hakuna iliyouumiza mchezo kama ile ya dau la siri, ambayo waandaaji wa Ultimate Blackjack Tour waliiweka katika mfumo wao wa mchujo ulioanza kurushwa na kituo cha CBS nchini Marekani mwaka 2006, na ambayo ilimruhusu kila mchezaji, mara moja tu katika raundi ya mikono 30, kulifunika dau lake ili wapinzani wasijue ameweka kiasi gani mpaka mikono ichezwe. Waliozifuatilia raundi hizo wanajua kwamba thamani kubwa ya silaha hiyo haiko katika mkono wa 5 wala wa 12, bali katika mikono ya mwisho, na hasa ule wa 30, ambao ndio humtenganisha anayesonga mbele na anayerudi nyumbani. Kwa hiyo kanuni iliyoonekana kuwa pambo dogo iliangukia mahali penyewe ambapo ustadi wa mashindano hukaa, ikaufunika.

Hukumu hiyo huanzia kwenye tofauti ya msingi, kwa kuwa watetezi wa dau la siri huzungumza kana kwamba mashindano ni blekijeki ya kawaida iliyoongezewa kombe. Katika meza ya kawaida ya kasino mchezaji hupambana na nyumba, majirani zake hawamhusu, na kila uamuzi hupimwa kwa wastani wa faida au hasara kwa kila kiasi kilichowekwa. Akiufuata mkakati wa msingi, yaani jedwali la maamuzi ambalo Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott walilichapisha mwaka 1956, kasino hubaki na faida ya takriban nusu asilimia na mambo huishia hapo. Katika mashindano chipu ni za kupimia tu: mwenye nyingi kuliko wenzake mwishoni mwa raundi ndiye anayesonga mbele, hata kama zimepungua kuliko alizoanza nazo, na anayezidiwa kwa chipu moja huondoka sawasawa na aliyefilisika katika mkono wa tatu. Mpinzani, kwa hiyo, si mgawa karata bali ni jirani wa kulia na wa kushoto, na swali la kila dau ni mahali litakapomwacha mchezaji mbele yao likishinda, likipotea au likitoka sare.

Televisheni haijawahi kulipenda swali hilo, na kosa lake hapa ni la zamani kuliko dau la siri lenyewe. Tangu Edward Thorp aonyeshe katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba anayezikumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuizidi kasino, shujaa wa blekijeki katika fikra za umma amekuwa mhesabu karata, na hata Mike Aponte, aliyetwaa World Series of Blackjack ya kwanza mwaka 2004 huko Mohegan Sun katika jimbo la Connecticut, alifahamika zaidi kwa timu ya wahesabu karata ya MIT aliyotoka nayo kuliko kwa namna alivyozimudu meza za mashindano. Kuhesabu karata humpa mchezaji hodari faida ya asilimia moja hivi, faida inayohitaji maelfu ya mikono ili ionekane, nayo katika mikono 30 humezwa kabisa na bahati ya siku hiyo. Kinachohesabiwa katika mashindano ni chipu za wengine, na hilo lilikwisha kuandikwa wazi na Stanford Wong katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu blekijeki ya mashindano, miaka karibu 20 kabla ya CBS kuwasha kamera.

Kazi ya kuhesabu chipu hutegemea jambo moja, nalo ni zamu ya kuweka dau. Alama ya zamu huzunguka meza mkono baada ya mkono, aliye nayo huweka dau kwanza, na anayeweka mwisho huyaona madau ya wote kabla ya kutoa lake, jambo ambalo katika mikono ya mwisho lina uzito kuliko uongozi wa chipu wenyewe. Hesabu ndogo inatosha kulithibitisha. Meza imebakiwa na wachezaji wawili katika mkono wa mwisho, Kiongozi akiwa na chipu 120,000 na Mfuatiaji akiwa na 100,000, dau la chini likiwa 1,000 na la juu 50,000. Mfuatiaji akilazimika kuanza na akaweka 50,000, Kiongozi humjibu kwa 31,000: wakishinda wote wawili, Kiongozi ana 151,000 dhidi ya 150,000, na wakipoteza wote wawili ana 89,000 dhidi ya 50,000, hivyo Mfuatiaji hana njia isipokuwa matokeo yao yatofautiane kwa manufaa yake, au apate 21 ya karata mbili inayolipwa tatu kwa mbili, au aongeze dau maradufu na kushinda. Akianza kwa dau dogo, tuseme 8,000, Kiongozi huweka 1,000 na kustarehe, kwani hata akipoteza anabaki na 119,000, wakati Mfuatiaji akishinda ana 108,000, na akiongeza maradufu na kushinda ana 116,000. Ni kugawanya jozi pekee kunakoweza kumwokoa.

Zamu ikigeuka, mambo hugeuka pia. Kiongozi anapoanza, kila dau analoweka lina jibu. Akiweka 1,000, Mfuatiaji huweka 50,000 na kuitegemea karata yake mwenyewe. Akiweka 31,000 ili kuufunika upande wa juu, Mfuatiaji hubaki chini, yaani huweka dau dogo na kungoja mwenzake apoteze, jambo linalotokea karibu nusu ya mara zote. Na Mfuatiaji aliyefunzwa vizuri hataweka 1,000 bali 10,000, kwa sababu dau hilo linamwacha na 90,000 hata akipoteza, juu ya zile 89,000 za Kiongozi aliyeshindwa, na papo hapo linamfikisha 110,000 akishinda, juu ya zile 104,500 ambazo Kiongozi angebaki nazo kama angejisalimisha, yaani kama angeutoa mkono wake na kurudishiwa nusu ya dau pale kanuni zinapoiruhusu hatua hiyo. Uzuri wa mchezo huu umo katika uamuzi kama huo, wa 10,000 badala ya 1,000, ambao mtazamaji asiyeelekezwa hauoni na ambao mtangazaji mwenye kuijua kazi yake angeweza kuueleza kwa sentensi mbili.

Sasa liletwe dau la siri. Mfuatiaji anaanza, analiandika dau lake kwenye kadi na kuifunika, na Kiongozi, ambaye kwa mikono 29 ameupigania uongozi na kwa mzunguko wa alama ameipata zamu ya mwisho, anatazama mgongo wa kadi. Akiweka 31,000 na kadi ile ikawa na 10,000, amejiweka yeye mwenyewe katika hali mbaya ya aliyeanza. Akiweka 1,000 na kadi ikawa na 50,000, hatima yake iko katika karata za mwenzake. Zamu ya mwisho, iliyokuwa na thamani kubwa kuliko chipu 20,000 za uongozi, imefutwa bila mpinzani kufanya lolote la ustadi ili kuifuta. Kama Kiongozi naye amelitunza dau lake la siri, meza inakuwa na kadi mbili zilizolala kifudifudi, na kilichobaki ni kila mmoja kukisia hofu ya mwenzake.

Wengi huishia hapo wanapoijadili kanuni hii, ilhali madhara makubwa zaidi huja baada ya madau, wakati mikono yenyewe inapochezwa. Kiongozi ameweka 31,000 hadharani. Mfuatiaji, ambaye dau lake limefunikwa, amepata 20 na kusimama, na karata ya mgawaji iliyo wazi ni 6. Kiongozi ana 16 ya karata mbili, yaani 10 na 6. Katika meza ya kawaida hakuna la kufikiri: 16 mbele ya 6 husimama, kwa kuwa mgawaji anayeanza na 6 hupita 21 takriban mara 42 katika 100, na hakuna mwenye akili timamu anayejisalimisha hapo.

Katika mashindano jibu linategemea kabisa kiasi kilichoandikwa kwenye ile kadi. Ikiwa ni 1,000, Kiongozi anapaswa kujisalimisha mara moja, hatua ambayo ingechekwa katika kasino yoyote duniani lakini ambayo hapa inaimaliza raundi: anabaki na 104,500, Mfuatiaji hata akishinda anafika 101,000 tu, na hakuna karata ya mgawaji inayoweza kulibadilisha hilo; akisimama kama jedwali linavyosema, ametupa ushindi wa hakika na kujiwekea nafasi 42 katika 100. Ikiwa ni 50,000, kujisalimisha ni kujinyonga, kwa kuwa Mfuatiaji mwenye 20 atafika 150,000 katika mara nne kati ya tano, na Kiongozi atapona tu mgawaji akifikia 20 au 21. Hapo lazima asimame, kwa sababu mgawaji akipita 21 wote wawili wanalipwa naye anaongoza kwa 151,000, na mgawaji akipata 21 wote wawili wanapoteza naye anabaki na 89,000 dhidi ya 50,000, hali mbili ambazo kwa pamoja humpa zaidi ya nusu kidogo. Mkono ni uleule, karata ni zilezile, chipu zilizo wazi ni zilezile, na jibu sahihi hutoka kwenye hakika kamili ya kujisalimisha hadi kwenye nafasi moja katika tano ya hatua hiyohiyo, kwa sababu tu ya wino uliofichwa upande wa chini wa kadi. Mchezaji aliyejifunza hesabu hii kwa miaka na yule asiyewahi kuisikia wanakaa sawa mbele ya kadi hiyo, na hilo, katika mchezo unaodai kumtafuta bingwa, ni kosa lisilo na utetezi.

Watetezi hujibu kwamba hesabu haijafa, imehamia tu kwenye uwezekano, na jibu lao linastahili kupimwa. Ni kweli kwamba katika hali iliyoelezwa Kiongozi anaweza kukadiria: ikiwa kadi ina ama 1,000 ama 50,000, na anaamini kwamba uwezekano wa 1,000 unazidi asilimia 36 hivi, ajisalimishe, na ukiwa chini ya hapo asimame. Lakini asilimia hiyo ya imani itoke wapi? Dau la siri hutumika mara moja kwa raundi, tena mara nyingi baina ya watu ambao hawajawahi kukaa meza moja, hivyo hakuna mazoea ya mpinzani ya kusoma wala kumbukumbu ya kujengea makisio. Nadharia ya michezo inaweza kuonyesha uwiano ambao wachezaji wawili wakamilifu wangeuchanganyia madau yao, lakini uwiano huo huthibitika katika marudio mengi, si katika kadi moja inayofunuliwa mara moja na kusahaulika, na mchezaji aliyekisia vibaya hujifunza tu kwamba alikisia vibaya.

Utetezi wa pili, ambao ndio hasa unaotajwa wakati wa kusifu kanuni hii, ni kwamba dau la siri linaipa blekijeki msisimko wa poka, mchezo ambao miaka ile ulikuwa umejaza televisheni za Marekani kwa sababu ya kamera zilizomwonyesha mtazamaji karata zilizofichwa mezani. Anayesema hivyo hakuitazama poka vizuri. Katika poka karata hufichwa lakini fedha huwekwa wazi, kila dau huonekana na wote, na ni kwa sababu dau linaonekana ndiyo maana linaweza kusema kweli au kudanganya; dau lisiloonekana halisemi chochote. Blekijeki ya mashindano ina mpangilio wake, karata za wachezaji zikiwa wazi, madau yakiwa wazi, na siri pekee ikiwa ni karata ya pili ya mgawaji, ambayo haimpendelei mtu. Waandaaji hawakuichukua roho ya poka, bali walichukua kitendo cha kuficha na kukiweka mahali ambapo poka yenyewe isingekiruhusu. Wazee wa bao la Kiswahili hawajawahi kuhitaji kufunika mashimo ili mchezo wao usisimue: kete zinaonekana na kila aliyeuzunguka ubao, na bingwa ni yule anayeona mbali zaidi katika kile ambacho wote wanakiona.

Si kila walichobuni waandaaji kiliuumiza mchezo. Mikono ya mchujo, yaani ule wa 8, wa 16 na wa 25, ambapo mwenye chipu chache kuliko wote huondolewa, ni kazi nzuri ya waandaaji haohao, kwa kuwa inamnyima mchezaji mwoga nafasi ya kujibanza kwa madau ya chini akingoja wengine wafilisike.

Sifa hiyo yenyewe ndiyo inayolifanya kosa la dau la siri liumize zaidi, kwa sababu mchujo ulikuwa umekwisha kuleta kile televisheni ilichokitaka. Raundi ya kawaida ina mkono mmoja wa mwisho, lakini raundi ya mchujo ina minne, na katika kila mmoja wa minne hiyo maswali ya zamu, ya kwenda juu na ya kubaki chini, huulizwa upya kwa meza yenye watu wachache zaidi. Katika mkono wa 8 swali si nani anaongoza bali nani yuko mkiani, na mchezaji wa pili kutoka chini anapaswa kulitazama dau la aliye chini yake jinsi Kiongozi wa mkono wa 30 anavyomtazama Mfuatiaji. Palikuwa na utajiri wa kutosha kuvijaza vipindi vya msimu mzima. Badala ya kuwafundisha watazamaji kuuona, utayarishaji uliwapa kadi ya kufunua, kwa kuwa kadi inayofunuliwa haihitaji maelezo.

Kizazi kilichotangulia hakikuhitaji kadi hiyo. Wong, pamoja na Anthony Curtis na Blair Rodman, waliingia katika mashindano ya kasino za Marekani katika miaka ya 1980 wakati wapinzani wengi walikuwa wakiyachukulia kama tamasha la wikiendi, na kilichowatenga na wengine ni nidhamu ya kuyahesabu marundo ya chipu ya wote mezani kabla ya kila dau, kwa jicho, bila kuuliza na bila kuchelewesha mchezo. Kwao dau la mpinzani lilikuwa habari iliyolipiwa kwa kungoja zamu. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu aliyefunzwa katika shule hiyo angekubali kuwa kilele cha raundi kiwe mahali pekee ambapo hesabu yake haina cha kushika, na ni vigumu zaidi kuwalinganisha nao mabingwa waliotoka katika enzi ya kadi, si kwa sababu hawakuwa hodari, bali kwa sababu kanuni iliwanyima nafasi ya kuonyesha kama ni hodari.

Marekebisho yake hayakuhitaji kuvunja mfumo wote. Dau la siri lingeweza kuruhusiwa mpaka mkono wa 24 na kufa hapo likiwa halijatumika, hivyo mkono wa mchujo wa 25 na mitano iliyobaki ingechezwa kwa madau ya wazi, huku mchezaji aliyeko nyuma katika mkono wa 10 au wa 20 akibaki na chombo cha kujiinua bila viongozi kumfuata dau kwa dau. Kadi ingekuwa na kazi katikati ya raundi, ambako kwa kweli mikono hupoa na watazamaji huchoka, na Kiongozi mwenye 16 mbele ya 6 katika mkono wa 30 angeziona chipu 1,000 za mwenzake zikiwa wazi mezani, akainua mkono, akajisalimisha, na mtangazaji angelazimika kueleza kwa nini.